Zimwi la chumvi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu episodi ya kwanza ya Star Trek kurushwa hewani

Kila ninapotaja episodi hii mbele ya watu, maswali huwa ni yaleyale, nami hurudia majibu yaleyale. Nimeyaweka hapa yote pamoja. Kama hujaitazama na hutaki kujua inavyoisha, itazame kwanza, ni dakika hamsini tu, kisha urudi.

Tunazungumzia episodi ipi hasa?

Inaitwa "The Man Trap", yaani mtego wa mtu. Ilirushwa na kituo cha NBC cha Marekani usiku wa tarehe 8 Septemba 1966, na usiku huo ndio unaohesabiwa kuwa kuzaliwa kwa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za angani. Wakanada waliwatangulia Wamarekani, kwani kituo chao cha CTV kiliirusha tarehe 6 Septemba.

Kisa chenyewe kwa ufupi: chombo cha anga Enterprise kinafika kwenye sayari iitwayo M-113, ambako mtafiti wa mambo ya kale, Profesa Crater, anaishi na mkewe Nancy katikati ya magofu. Daktari wa chombo, McCoy, aliwahi kumpenda Nancy miaka mingi nyuma. Muda si muda mabaharia wanaanza kukutwa wamekufa, nyuso zao zina alama za duara, na miili yao haina chumvi hata chembe. Nancy wa kweli alikufa zamani. Anayetembea kwa sura yake ni kiumbe wa sayari hiyo, wa mwisho wa aina yake, anayeishi kwa kufyonza chumvi.

Ndiyo ya kwanza kutengenezwa?

Hapana. Ukihesabu na majaribio mawili yaliyotangulia, yaani episodi za kukionjesha kituo kabla hakijakubali tamthilia, ni ya sita. Jaribio la kwanza lilitengenezwa mwishoni mwa 1964 na NBC wakalikataa, lakini wakafanya jambo lisilo la kawaida: wakaagiza jaribio la pili. Hilo la pili likakubalika, kazi ikaanza.

Basi kwa nini ya sita ikatangulia?

Kwa sababu ina zimwi. Wakubwa wa NBC walitaka usiku wa kwanza mtazamaji aone sayari ngeni na kiumbe wa kutisha, asije akabadilisha stesheni. Jaribio la pili walikuwa nalo tayari, ila waliona lina maelezo mengi mno. Nyingine waliyokuwa nayo, "The Corbomite Maneuver", ilihitaji picha za angani ambazo hazijakamilika, na ikaja kuonekana Novemba.

Mpangilio huo ndio unaowachanganya watazamaji wapya. Jaribio la pili lilirushwa wiki ya tatu, tarehe 22 Septemba, na ndani yake sare ni tofauti, daktari ni mwingine, na Uhura, afisa wa mawasiliano, hayupo. Hakuna lililokosewa hapo, ni kwamba uliona mtoto wa kati kabla ya kifungua mimba.

Wazo la kiumbe anayekula chumvi lilitoka wapi?

Mwandishi wa skripti ni George Clayton Johnson, na kilichomsukuma ni wanyama waliotoweka Amerika Kaskazini. Katika episodi yenyewe Profesa Crater anamlinganisha kiumbe wake na nyati wa Marekani na njiwa wasafiri. Tuwatazame kidogo hao wawili, maana bila wao kisa chote kinabaki vitisho vitupu. Nyati walikuwa makumi ya mamilioni. Kufikia mwisho wa karne ya 19 walikuwa wamebaki chini ya elfu moja. Njiwa wasafiri walikuwa wakipita angani kwa makundi yaliyoziba jua, na wa mwisho wao, aliyepewa jina Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Mmoja tu amebaki, kisha hakuna. Johnson alimchukua huyo wa mwisho akampa njaa, akampa akili, akampa na uwezo wa kuvaa sura ya mtu umpendaye.

Skripti ilipitia mikono mingine, hasa ya Gene Roddenberry, muasisi wa tamthilia, ambaye msimu ule wa kwanza alikuwa akiandika upya karibu kila kitu kilichopita mezani kwake. Jina nalo lilibadilika njiani. Mimi naona jina walilolichagua ni dhaifu kuliko kisa.

Nani aliiongoza?

Marc Daniels, ambaye miaka ya mwanzo ya 1950 aliongoza vichekesho vya Lucille Ball. Kampuni iliyotengeneza Star Trek, Desilu, ilikuwa ya Lucille Ball huyohuyo, kwa hiyo Daniels alikuwa mtu wa nyumbani. Alijua kufanya kazi haraka bila kuwavuruga waigizaji, akaja kuwa miongoni mwa walioongoza episodi nyingi zaidi za tamthilia ile ya kwanza. Muziki ni wa Alexander Courage, yuleyule aliyetunga wimbo wa ufunguzi.

Walikuwa na siku ngapi na pesa kiasi gani?

Kazi ya kamera ilifanyika ndani ya wiki mbili za mwisho za Juni 1966, siku za kazi hazikuzidi saba. Bajeti ya msimu wa kwanza ilikuwa takriban dola 190,000 kwa episodi. Kwa televisheni ya wakati ule si haba, lakini ukikumbuka kwamba kila wiki inatakiwa sayari mpya, mavazi mapya na viumbe wapya, utaelewa kwa nini hakuna kitu kilichotupwa. Picha za Enterprise ikizunguka sayari zilitumika tena na tena. Modeli kubwa ya chombo ina urefu wa kama mita 3.4, na leo iko Washington, katika jumba la makumbusho la anga la Smithsonian.

Milango inayojifungua yenyewe ilivutwa na watu waliojificha nyuma ya ukuta, wakisubiri ishara. Mwigizaji alitakiwa atembee moja kwa moja bila kusita, akiamini kwamba yule wa nyuma ya ukuta hajasinzia.

Na ile sayari? Walikwenda jangwani?

Hawakutoka nje hata hatua moja. M-113 ni ukumbi wa studio ya Desilu huko Hollywood. Vyumba vya Enterprise vilikuwa ukumbi mmoja, na sayari zote zilijengwa ukumbi wa jirani: mchanga, mawe ya kuundwa, magofu, na nyuma yake pazia kubwa linalomulikwa kwa taa za rangi. Mpiga picha mkuu, Jerry Finnerman, ndiye aliyefanya rangi zifanye kazi ya seti. Badilisha karatasi ya rangi mbele ya taa, umepata anga jingine. NBC walifurahia rangi kali, kwa kuwa kampuni mama yao, RCA, ilikuwa ikiuza televisheni za rangi.

Kwa nini hawatui na chombo, wanayeyuka tu na kutokea kwingine?

Kuonyesha chombo kikubwa kikitua kila wiki kungemaliza bajeti. Wakabuni mashine ya kumyeyusha mtu hapa na kumsimamisha kule. Ule mng'aro unaouona ni vumbi la alumini lililoangushwa mbele ya mwanga mkali, likapigwa picha kwa mwendo wa polepole, kisha likapachikwa juu ya umbo la mwigizaji. Ni moja ya vitu maarufu kabisa katika historia ya televisheni, na kilizaliwa na uhaba.

Nani alikuwa ndani ya vazi la zimwi?

Mwanamke mcheza dansi, Sandra Gimpel, ambaye baadaye alijijengea jina katika kazi ya kuigiza matukio ya hatari. Alishakuwamo hata katika jaribio la kwanza la 1964, akiwa mmoja wa wale viumbe wenye vichwa vikubwa.

Vazi lilibuniwa na Wah Chang, msanii mzaliwa wa Honolulu. Mtazame kiumbe wake vizuri mara moja. Ana manyoya meupe yaliyochakaa, macho yaliyozama, mdomo wa duara uliolegea kama wa mtu anayetaka kulia, na kwenye vidole vyake vinyonyeo kama vya pweza, vinavyoacha zile alama usoni mwa marehemu. Mtu mwingine angetengeneza meno na makucha. Chang alitengeneza sura ya mgonjwa, na ndiyo maana mwishoni, zimwi linapopigwa risasi ya mwanga, moyo unakusuta.

Ni Chang huyohuyo aliyebuni kile kisimu cha kukunjua na kile kipimo wanachoning'iniza begani. Hakuwa mwanachama wa chama cha mafundi wa studio, na jina lake halikuonekana kwenye orodha ya watengenezaji. Watu walikua wakivipenda vitu vyake bila kujua ni vya nani. Hilo linaniuma, nami nalitaja kila nipatapo nafasi.

Waliwezaje kulibadilisha zimwi sura bila kompyuta?

Kwa waigizaji na mkasi wa mhariri. Tazama tukio la mwanzo kabisa. Wanaume watatu wanaingia kwa Nancy. McCoy anamwona kijana, vilevile alivyomwacha. Nahodha Kirk anamwona mwanamke wa makamo mwenye mvi. Baharia wa tatu, Darnell, anamwona msichana mwingine kabisa mwenye nywele za dhahabu. Walichofanya ni kusimamisha kamera, kumpaka Jeanne Bal, aliyemwigiza Nancy, mekapu tofauti kwa macho ya McCoy na ya Kirk, kisha kumweka mwigizaji mwingine mahali pake kwa macho ya Darnell, huku maongezi yakiendelea kana kwamba hapana kilichotokea. Hakuna sauti ya kushtua wala moshi. Unagundua mwenyewe, kisha unarudi nyuma kuhakikisha.

Baadaye zimwi linakuwa baharia Green, linakuwa mtu wa nne, linakuwa hata McCoy mwenyewe. Ili tusipotee, waigizaji walipewa alama ndogo ya mwili. Mwangalie Green anavyojing'ata kidole akiona chumvi: ndiyo njaa ileile, mtu tofauti.

Kwa sisi tuliokulia Pwani jambo hili halihitaji maelezo marefu. Nani hajasimuliwa jini aliyejifanya mwanamke mzuri barabarani usiku? Lakini kuna kitu hapa kinachokwenda kinyume na wahenga wetu. Tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili linakujua hadi ndani, linasoma ni nani unayemuwaza, na kwa sababu hiyo hasa linakumaliza.

Ni kweli vifaa vya daktari vilikuwa vichupa vya chumvi?

Ndiyo. Episodi inahusu chumvi, kwa hiyo msimamizi wa vifaa akatumwa kutafuta vichupa vya kunyunyizia chumvi vinavyofaa karne zijazo. Akarudi na vizuri kweli, vya maumbo ya ajabu. Tatizo likawa kwamba vilikuwa vya ajabu mno: hakuna mtazamaji ambaye angejua kwamba hiki ni kichupa cha chumvi, na tukio lingekosa maana. Ikaamuliwa kitumike cha kawaida, kile unachokiona kwenye sinia la baharia Rand anapompelekea mwenzake Sulu chakula. Vile vya ajabu wakampa Dk. McCoy. Vikawa vyombo vyake vya upasuaji.

Lile ua linalocheza kwenye chumba cha Sulu?

Mkono wa mtu ndani ya glavu, mwenye mkono amejificha chini ya meza. Ukilijua hilo utadhani utacheka, lakini ua linapopiga kelele zimwi likikaribia, bado linashtua.

Nimesikia kuna Kiswahili. Kiko wapi?

Kipo, na hapa nitakaa kidogo.

Uhura, afisa wa mawasiliano, anatembea peke yake kwenye korido. Mbele yake anatokea baharia mweusi asiyemfahamu, ila ana kitu cha kufahamika. Anamwuliza kama wanajuana. Yule anamjibu kwa namna ya kumwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa mawazoni mwake. Kisha anamsemesha kwa Kiswahili, kwa maneno ya upole, ya kumsifu na ya kumwondolea upweke. Uhura anasimama kama aliyefungwa. Ni zimwi, bila shaka. Limetazama ndani ya kichwa chake likaona mtu wa kwao na lugha ya kwao, likavaa vyote viwili. Anaokolewa na mlango wa lifti unapofunguka, Rand na Sulu wakiwa ndani.

Baharia huyo aliigizwa na Vince Howard, Mmarekani. Matamshi ni ya mtu aliyekariri, na mara ya kwanza unaweza usiyashike yote. Mara ya kwanza mimi sikuyashika. Aliyeyashika ni mama. Alikuwa amekaa mkekani na ungo wa mchele mapajani, hatazami, anachambua tu mawe. Mara vidole vikasimama. Akainua kichwa akaniuliza, "Huyo kasema nini? Hebu rudisha nyuma." Nikarudisha. Akasikiliza tena, akasema, "Ni Kiswahili hicho, mwanangu, ila kimetoka mbali." Mchele ukabaki hivyo hadi episodi ikaisha.

Hebu fikiria jinsi tukio lenyewe lilivyopangwa. Kwa McCoy, chambo ni mchumba wa zamani. Kwa Darnell, ni msichana wa anasa. Kwa Uhura, chambo ni lugha. Mtu yuko mbali na kwao kuliko mtu yeyote aliyewahi kuwa mbali, na kinachoweza kumwangusha ni kusalimiwa kwa maneno ya nyumbani. Aliyewahi kuishi ugenini, akasikia Kiswahili ghafla kwenye foleni ya basi, anajua kwamba waandishi walishika kitu cha kweli, hata kama ulimi wa mwigizaji haukukishika vizuri.

Jina Uhura limetokana na "uhuru"?

Ndiyo. Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, alieleza kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya mkononi iliyoitwa *Uhuru*, inayohusu Kenya, na neno hilo likampendeza Roddenberry. Wakalilainisha mwisho wake likawa Uhura.

Kumbuka tarehe. Mwaka 1966 Tanganyika ilikuwa haijatimiza miaka mitano tangu bendera ya Mwingereza iteremshwe Desemba 1961. Uganda ilifuata 1962, Kenya 1963. Neno lilikuwa bado na joto la mikutano ya hadhara. Halikuwa jina la kubuniwa la mtu wa anga za mbali, lilikuwa habari ya siku ile.

Na "Nyota", jina lake la kwanza?

Hilo halimo katika tamthilia ya miaka ya sitini. Lilianza kwenye vitabu miaka ya 1980, na lilitamkwa kwenye skrini kwa mara ya kwanza katika filamu ya 2009.

Ni kweli Martin Luther King alimzuia Nichols asiache kazi?

Nichols mwenyewe alisimulia hivyo mara nyingi hadi alipofariki Julai 2022. Msimu wa kwanza ulipokuwa unaisha alitaka kurudi kwenye jukwaa la muziki, King akamwambia asiondoke, kwa sababu watu weusi walikuwa wakijiona kupitia kwake katika wakati ujao. Alikuwa na sababu ya kuchoka: mara nyingi mistari yake ilipunguzwa hadi akabaki na kufungua mawasiliano tu. Ndiyo maana naithamini "The Man Trap". Hapa Uhura anamtania afisa mwenzake Spock, mtu wa sayari nyingine, kuhusu mwezi wa sayari yake, anatembea, ana upweke, ana mtu anayemuwaza.

Kiswahili kilirudi tena?

Kilirudi mwaka 1967 katika "The Changeling", ambamo mashine inafuta kumbukumbu za Uhura na anaanza kufundishwa kusoma Kiingereza upya. Akikwama, kinachomtoka ni Kiswahili. Na katika *Strange New Worlds*, tamthilia ya miaka hii, Uhura kijana anayeigizwa na Celia Rose Gooding anatoka Kenya.

Vazi la zimwi liliishia wapi?

Halikukaa stoo muda mrefu. Januari 1967, katika "The Squire of Gothos", liko limesimama kama pambo ndani ya jumba la mwenyeji wa ajabu. Walioitazama kwa makini wiki zile bila shaka walilitambua.

Walikuwa na haki ya kumuua?

Hili ndilo swali ninaloletewa zaidi, tena na vijana. Alikuwa ameshaua watu, na wakati anauawa alikuwa ameanza kumfyonza Kirk. Kwa upande huo McCoy hakuwa na njia. Lakini rudi nyuma kidogo. Profesa Crater aliishi naye muda mrefu kwa kumlisha chumvi, na alichoomba tangu mwanzo ni vidonge vya chumvi zaidi. Kosa lake ni kwamba hakusema kwa nini anavihitaji. Kama angesema mapema, chombo kizima kile kingeshindwa kweli kutoa magunia machache? Naamini njaa ndiyo iliyoua kwanza, siri ikamalizia.

Tazama namna McCoy anavyofanya. Kiumbe kinamgeukia kwa sura ya Nancy, kinamwomba kwa sauti ya Nancy. Anaita jina la Mungu amsamehe, ndipo anafyatua. Sura ya mwanamke inayeyuka, inabaki ile ya manyoya meupe, mdomo wazi.

Kisha wako kwenye daraja la chombo, yaani chumba cha kukiendesha, safari inaendelea. Kirk amekaa kitini kimya. Spock anamwuliza kama kuna tatizo. Anajibu kwamba alikuwa anawafikiria wale nyati.